Bomba la Pili

Wiki iliyopita tulimwacha Bi Chupa amesimama katikati ya ukumbi wa bodi, kinywa wazi, maana mlango wa nyuma ulikuwa umefunguliwa na shahidi wa mwisho wa kiwanda alikuwa anaingia.

Naam, msomaji. Aliyeingia alikuwa mama mkwe wake.

Wala hakuwa amekosea mlango. Karani wa bodi alimshika mkono, akamkalisha kwenye kiti cha mashahidi, akamshushia kipaza sauti. Wakili wa kiwanda akainuka, tabasamu limemfika masikioni.

Kama ndiyo kwanza unaungana nasi, sikia. Bi Chupa ni mkaguzi wa mito wa Mamlaka ya Maji. Wenzake ofisini walimbandika jina hilo kwa sababu haendi popote bila chupa za kuchotea maji ya kupima. Hata harusini alishawahi kukutwa nazo mkobani. Kiwanda cha kutia rangi vitambaa kilikuwa kinaomba kibali kipya cha kumwaga maji yake machafu mtoni, mara mbili ya yale kinayomwaga sasa, na bodi ya Mamlaka ilikuwa imekaa kuamua. Na mtu wa kwanza kabisa kulalamika alikuwa huyu huyu mama mkwe. Alifika nyumbani kwa Bi Chupa na dumu la maji ya zambarau, akalitua sebuleni juu ya zulia, akasema, "Haya ndiyo tunayofulia huko bondeni. Hebu fanya kazi yako."

Bi Chupa akaifanya. Akaamka alfajiri, akashuka kingo zenye utelezi, akafukuzwa na mbwa wa kiwanda, akagombana na nusu ya ofisi. Yote kwa ajili ya mama huyu.

"Mama," wakili alianza kwa sauti ya asali, "unaishi wapi?"

"Bondeni, chini ya kiwanda."

"Na maji ya mto yakoje huko?"

Mikono ya mama mkwe ilikuwa imefichwa ndani ya mtandio.

"Mazuri," akasema.

Ukumbi ukaguna. Bi Chupa alihisi kama mtu amemvutia kiti alipokuwa anakikalia.

"Lakini uliwahi kulalamika."

"Nilikosea. Macho ya kizee. Kumbe jirani yangu alikuwa anafua nguo inayochuja."

Watu wa kiwanda wakaangua kicheko. Meneja wao, kipande cha mtu kinachojaza kiti na ziada, alijipiga paja.

"Mwenyekiti!" Bi Chupa aliita. "Naomba kumuuliza shahidi."

Mwenyekiti wa bodi alishusha miwani. Mzee huyu ndiye aliyemtoa Bi Chupa kwenye meza ya mapokezi enzi hizo, akampeleka kusomea maji, akamfundisha kazi hatua kwa hatua. Mbele ya watu na faraghani alimwita jina moja tu.

"Uliza, binti yangu."

Bi Chupa akasogea. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, tuonyeshe mikono yako."

Kicheko kikakatika. Bi Chupa aliijua mikono ile. Aliipaka dawa kwa vidole vyake mwenyewe, ngozi imebabuka hadi kwenye viwiko, nyama nyekundu inaonekana. Mikono ile ikitolewa tu, kesi ya kiwanda imekwisha.

"Mikono yangu si ya maonyesho," mama mkwe alijibu.

"Itoe tu, Mama. Mara moja."

"Mwenyekiti," wakili alidakia, "huku ni kumdhalilisha shahidi!"

"Shahidi anaweza kuamriwa," alisema Mwenyekiti polepole. "Mkaguzi, unaomba nimwamuru?"

Mama mkwe akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwanangu," akanong'ona, na kipaza sauti kikamchukulia ule mnong'ono hadi viti vya nyuma, "ndiyo unataka kunivua nguo mbele za watu?"

Bi Chupa angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu.

"Siombi," akasema, akaenda kuketi.

Mwenyekiti akagonga meza. Mapumziko.

* * *

Alimkuta mama mkwe kwenye ngazi za nyuma, karibu na ndoo za wasafishaji, ameketi kama mtu aliyeshushiwa mzigo usio wake.

"Nani kakutisha?" Bi Chupa hakupoteza muda.

"Hakuna."

"Nani kakununua, basi?"

"Chunga ulimi wako!" Bibi kizee aliruka. "Mimi sinunuliwi. Nimeahidiwa bomba."

"Bomba?"

"Bomba la maji safi. Kiwanda kinachimba kisima, kinatuletea bomba mpaka bondeni. Kila nyumba. Sharti lao nisimame pale niseme niliyosema. Sasa niambie wewe msomi: ungekuwa mimi ungefanyaje? Sheria zako zitatuletea maji lini? Wajukuu zangu wazeeke kwanza?"

Bi Chupa alikuwa amejiandaa kukasirika, na sasa hasira haikuwa na pa kushika.

"Ungeniambia, Mama. Hata jana. Mimi natolewa macho mle ndani kama mwizi."

"Nilikatazwa nisikwambie."

"Na nani?"

Mama mkwe akatazama ndoo.

"Na nani, Mama?"

"Muulize mumeo."

Alipotajwa tu, akatokea. Mlango wa chini ulisukumwa na mumewe akapanda ngazi akiruka mbili mbili, amevaa ovaroli jipya la buluu. Kifuani palikuwa pamedariziwa nembo ya kiwanda.

Bi Chupa aliitazama ile nembo kwa muda. Mumewe ni injinia wa pampu. Kwa miezi mingi alikuwa akimwambia anafunga pampu za umwagiliaji kwenye shamba moja la mbali, ndiyo maana anarudi amechoka na matope hadi magotini.

"Shamba lako limebadilisha sare, Baba Watoto?" akauliza.

Mume akasimama, mguu mmoja hewani.

"Mke wangu, nilikuwa nataka kukwambia..."

"Tangu lini?"

"Nisikilize kwanza. Ungekubali nifanye kazi pale? Ungekubali? Nyumba ingewaka moto!"

"Tangu lini?"

"Tangu masika."

"Na Mama umemtuma wewe."

"Nimemtafutia maji!" alifoka. "Wewe unapima, unapima, unapima. Siku zote unapima. Mama yangu amekunywa nini siku zote hizo unazopima?"

Maneno yale yalimwingia Bi Chupa hadi kwenye mfupa, maana hayakuwa ya uongo.

"Hilo bomba," akasema taratibu, "nani kaliahidi?"

"Meneja. Kanipa mkono. Neno lake ni sheria pale."

"Sawa," alisema Bi Chupa. "Tutaona."

Akageuka kurudi ukumbini. Alikuwa bado na tumaini moja. Mama mkwe alikuwa amesema uongo, sawa, lakini maji hayajui kusema uongo. Vipimo vya maabara vilikuwa mbele ya bodi, na kila kimoja kilikuwa juu ya kiwango kinachoruhusiwa. Hapo hata wakili awe na ndimi saba, hatoki.

Ndivyo alivyodhani, maskini.

* * *

"Bodi imepitia vipimo vya Mkaguzi," alisema Mwenyekiti walipoketi tena. "Ni kazi safi. Hatuna shaka navyo hata kidogo."

Bi Chupa alivuta pumzi.

"Tena tunamshukuru," Mwenyekiti akaendelea, "kwa kuwa vipimo hivyo vinathibitisha kuwa maji ya kiwanda yako ndani ya kiwango."

"Ndani?" Bi Chupa alisimama bila kuomba ruhusa. "Mwenyekiti, yako juu. Juu sana."

"Juu ya kiwango cha zamani, binti yangu. Kiwango kipya kilipitishwa Jumatatu."

"Jumatatu nilikuwa safarini."

"Najua."

"Wewe ndiye uliyenituma! Uliniambia nikaangalie mto wa mpakani, nikafika nikakuta mto mkavu!"

"Najua," Mwenyekiti akarudia, na safari hii hakumtazama.

Msomaji, kuna mtu anayekupiga kofi na kuna mtu anayekushika mkono ili mwingine akupige. Bi Chupa hakujua yupi kati ya hao alikuwa amekaa kwenye kile kiti kikubwa. Walichofanya kilikuwa chepesi ajabu. Hawakuiba chupa zake, hawakuchezea maabara, hawakumhonga mpimaji. Waliuacha mto na sumu yake, wakaenda kuibadilisha sheria ili sumu hiyo isiitwe sumu tena.

"Nani alipendekeza kiwango hicho?" akauliza.

"Mimi," alijibu Mwenyekiti. "Kaa chini, binti yangu."

"Usiniite binti yako."

Mjumbe mmoja akakohoa. Mwingine akajifanya anatafuta kalamu. Meneja wa kiwanda alikuwa anachezea simu, kama abiria anayejua gari lake haliwezi kumwacha.

Lakini Bi Chupa hakukaa. Ile hasira iliyokosa pa kushika kule kwenye ngazi sasa ilikuwa imepata kamba.

"Kama kibali kinatolewa," akasema, "naomba kiwe na sharti. Kiwanda kimeahidi kisima na bomba la maji safi kwa watu wa bondeni. Bodi iliandike ndani ya kibali. Bomba kwanza, maji machafu baadaye."

Mama mkwe, aliyekuwa amekaa nyuma na mwanawe, alinyoosha shingo. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi uso wake ulikunjuka.

Wakili wa kiwanda alimwinamia Meneja. Wakanong'onezana. Wakili akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mwenyekiti, kuna mkanganyiko hapa. Mteja wangu hajawahi kumwahidi mtu yeyote bomba lolote."

"Nini?" Mume wa Bi Chupa alikuwa ameshasimama. "Meneja! Si ulinipa mkono? Juzi tu, pale kwenye jenereta!"

Meneja hakugeuka hata kidogo.

"Huyo ni nani kwenu?" aliuliza Mwenyekiti.

"Fundi wa muda," wakili alijibu. "Mkataba wake umekwisha leo."

Mama mkwe akajivuta hadi kwenye njia ya katikati. "Nimedanganya!" alipaza sauti. "Mwenyekiti, nimedanganya! Yale maji yanatuua! Nirudisheni kwenye kile kiti niseme upya!"

"Ushahidi umefungwa, Mama."

"Ufungue! Wewe si ndiye mwenye ufunguo?"

"Umefungwa," alisema Mwenyekiti. "Wajumbe, wanaoafiki?"

Mikono ikainuka. Mmoja tu ulibaki chini, wa mjumbe ambaye ni daktari, na daktari alikuwa amefumba macho. Kibali kikapita. Watu wa kiwanda wakapiga makofi, na kabla makofi hayajatulia kiti kikubwa kilikuwa kitupu. Mwenyekiti alikuwa ameshatokea mlango wa faragha, kwa haraka ambayo Bi Chupa hajawahi kuiona kwa mzee yule.

* * *

Uwanja wa kuegesha magari ulikuwa unachoma kwa jua la alasiri. Watu watatu wa familia moja walisimama kando ya gari la Mamlaka.

"Nimekuwa mjinga," mume alisema.

"Mjinga?" Mama mkwe alimgeukia. "Ujinga ungekuwa nafuu. Mwambie mkeo."

"Mama, tafadhali."

"Mwambie! Mimi nimeshadanganya mbele ya serikali nzima leo kwa ajili yako. Sina aibu iliyobaki ya kukufichia. Mwambie habari za bomba la pili!"

Bi Chupa aliwatazama kwa zamu. "Bomba la pili lipi?"

Mume aliegemea gari. Ovaroli lake jipya lilikuwa limelowa jasho mgongoni.

"Lile unalopima pale mtoni," alisema, "ni la kwanza. Lipo jingine. Linapita chini ya ghala, linapanda nyuma ya kilima. Lilikuwepo zamani, limeoza. Waliniajiri nilifufue na kulifungia pampu. Waliniambia ni maji ya kupoozea mitambo tu."

"Na siyo."

"Ni yale mazito. Ya mwanzo, yanayotoka kwenye mapipa ya rangi."

Bi Chupa akapiga hesabu kichwani na moyo ukamshuka. Tangu masika mto ulikuwa umeanza kupata nafuu. Si sana, lakini kila alipochota maji, rangi ilikuwa imepungua kidogo. Alijipongeza. Aliwaambia wenzake, mnaona, wameanza kutuogopa. Kumbe hawakumwogopa mtu. Nusu ya uchafu ilikuwa imehamishiwa pasipofika macho yake.

"Nyuma ya kilima linamwaga wapi?"

Mume akaanza kupangusa vumbi kwenye kioo cha gari.

"Nimekuuliza, linamwaga wapi?"

"Kwenye kijito."

"Kijito kile kinaingia bwawani," alisema Bi Chupa. "Bwawa la maji ya kunywa ya mji."

"Sikujua mwanzoni. Naapa. Nilipojua lilikuwa limeshaanza kazi."

Hapo ndipo picha ilipomjia. Chupa kubwa za maji ya dukani, zimepangwa jikoni kwao tangu masika. Mumewe alizileta mwenyewe kila wiki. Alisema maji ya bomba yana harufu ya dawa, yanaharibu chai. Wanawe walikuwa wanakunywa hayo tu, naye akamwona mume anayejali.

"Ulikuwa unatuletea maji ya kununua," alisema. Aliongea taratibu sana. "Sisi wa nyumbani kwako. Na jirani? Na shule ya watoto? Na dada yangu aliyejifungua juzi, ulimpelekea chupa?"

Mume alijifunika uso.

"Mji mzima, Baba Watoto. Uliulinda mlango wako ukaufunga."

Mama mkwe alianza kulia bila sauti. Bi Chupa hakulia. Alifungua mlango wa gari, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ile anayoitumia mbele ya mageti ya viwanda.

"Bodi imetoa kibali kwa mdomo mmoja wa kumwagia maji machafu. Ukionekana mdomo wa pili usiotajwa, kibali kimekufa, kiwe kiwango kipya au cha zamani. Panda. Ukanionyeshe."

"Nikikuonyesha nafungwa."

"Najua."

"Mimi mumeo!"

"Kwenye gari hili mimi ni mkaguzi. Nyumbani tutaongea siku tukifika."

Mume alimtazama mama yake, akitafuta wa kumtetea. Mama mkwe alikuwa ameshapanda kiti cha nyuma na kuvuta mkanda.

"Unangoja nini?" akamwambia mwanawe. "Ukialikwa na mkeo, panda."

Akapanda. Waliuzunguka ukuta mrefu wa kiwanda, wakaiacha lami, wakapanda kilima kwa barabara ya mawe iliyokuwa inawarusha kama karanga kwenye kikaango. Mume alielekeza kwa kidole tu. Kushoto. Tena kushoto. Alikuwa anatetemeka, na Bi Chupa, pamoja na yote, alijikuta anataka kumshika mkono. Hakumshika. Lakini alitaka. Mtu aliyekubali kujipeleka jela kwa miguu yake, alijiambia, bado ana kitu cha kuokoa ndani yake.

Kibanda cha pampu kilikuwa nyuma ya vichaka, cha mabati, kipya. Pampu ilikuwa inanguruma. Chini yake kijito kilipita kikiwa cheusi, na povu la zambarau limeganda kwenye mawe.

Na mlangoni palikuwa pameegeshwa gari.

Bi Chupa alikanyaga breki. Gari lile alilijua kama anavyoijua sauti ya mama yake. Ndilo lililompeleka chuoni siku ya kwanza, na sanduku lake la nguo kwenye buti.

Mwenyekiti akatoka kibandani, mikono ya shati imekunjwa, suruali imelowa hadi magotini. Alimwona Bi Chupa akishuka, wala hakushtuka. Alionekana kama mwenyeji aliyefikiwa na wageni kabla chakula hakijaiva.

"Wewe!" Bi Chupa alisema. "Na huku pia uko wewe!"

Mzee hakumjibu. Aliangalia juu ya bega lake, kwa mtu aliyekuwa anashuka upande wa pili wa gari, kichwa chini, na ambaye ghafla alikuwa ameacha kutetemeka.

"Injinia," alisema Mwenyekiti, kwa sauti ya mtu anayemkaripia mshirika, "si tulikubaliana umlete mkeo kesho?"